Nyonyoa, Usinyoe: Kumtengeneza Westie Nyumbani

Pamba alifika kwetu Arusha akiwa na miaka miwili, ameachwa na familia iliyokuwa inahama nchi. Ni West Highland White Terrier, wale mbwa weupe wafupi wenye uso wa duara ambao wengi huwaita Westie tu. Ana kilo nane na nusu, na kimo chake mpaka begani ni kama sentimita 28.

Mwezi wa kwanza nilimpeleka kwa mtu mmoja anayeogesha na kunyoa mbwa. Alimpitisha mashine mwili mzima akanirudishia mbwa safi anayenukia vizuri, nami nikalipa nikashukuru. Baada ya wiki kadhaa manyoya yakaota tena, lakini hayakuwa yale ya mwanzo. Yalikuwa laini na yamelala. Zamani tope la masika lilikuwa linakauka juu yake na kupukutika lenyewe. Sasa lilinata mpaka kwenye ngozi. Kila akitoka matembezini ilibidi aoge, na kila akioga alijikuna usiku kucha.

Tangu hapo nimejifunza kumtengeneza mwenyewe, na jambo kubwa nililojifunza ni hili: manyoya ya teria wa aina hii hayanyolewi, yananyonyolewa. Neno ni lile la kuku, ila kazi ni tofauti kabisa. Hapa unang'oa unywele uliokwisha kufa, na mbwa akifanyiwa vizuri hupitiwa na usingizi mezani.

Kwanza mfahamu unayemshika

Fungua manyoya ya mgongoni kwa vidole viwili uangalie karibu. Utaona tabaka mbili. La juu ni la nywele ngumu zilizonyooka, urefu wake kama sentimita 5 kwa Westie aliyetunzwa. Chini yake kuna manyoya mafupi, mororo, yaliyosongamana kama sufi ya mto.

Mpangilio huo una sababu. Mbwa hawa walitokea magharibi mwa Scotland, na anayetajwa sana katika kuwaendeleza ni Kanali Edward Malcolm wa Poltalloch, huko Argyll. Kazi yao ilikuwa kuingia kwenye mashimo na nyufa za miamba kumfuata mbweha, katika nchi ya mvua na baridi. Manyoya ya nje ni koti la mvua, ya ndani ni sweta. Jina tunalolitumia leo lilianza kuonekana kwenye maonyesho ya mbwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya ishirini, lakini koti lilikuwepo kabla ya jina.

Unywele mgumu wa nje hukua, hufika kikomo chake, halafu hufa. Tatizo ni kwamba haudondoki vizuri. Unabaki umekaa kwenye kitundu chake. Ukipitisha mashine unakata shina na kuacha mzizi mfu ndani, na manyoya ya ndani yanatawala. Ndiyo maana mbwa aliyenyolewa mara nyingi hugeuka kuwa laini kama mwanasesere. Ukiung'oa, kitundu kinabaki wazi na kuotesha unywele mpya mgumu.

Hayo yanawahusu pia teria wengine kama Cairn, Border, Norfolk, Norwich na Jack Russell wenye manyoya magumu. Yorkshire Terrier hayumo. Yeye ana singa ndefu nyororo zisizo na tabaka la ndani, kwa hiyo huchanwa na kukatwa kwa mkasi. Ukimnyonyoa Yorkshire utamtesa bure.

Tena wapo Westie ambao hawafai kunyonyolewa: mwenye ngozi iliyowaka au yenye vidonda, mzee ambaye ngozi yake imekuwa nyembamba, na anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Hao wakate kwa mkasi au mashine bila kujilaumu. Raha ya mbwa ni kubwa kuliko ugumu wa koti lake.

Vifaa

Usinunue vingi. Chanuo la chuma lenye meno mapana upande mmoja na membamba upande wa pili ndilo mama wa vyote. Ongeza brashi yenye sindano laini, mkasi mdogo wenye ncha butu, mkasi wenye meno wa kupunguza, kikatia kucha cha mbwa, na kibano cha kupe. Kwa kunyonyoa, glavu za mpira za kuoshea vyombo zinatosha, au kipande cha chaki ya ubaoni kilichosagwa ili vidole visiteleze. Visu maalumu vya kunyonyolea vipo, lakini mikononi mwa anayeanza huishia kukata nywele badala ya kung'oa.

Weka pia konifulawa kwenye kibakuli kikavu (kazi yake utaiona kwenye mafundo na kwenye kucha) na maini ya ng'ombe yaliyochemshwa, yakakatwa vipande vidogo kama punje ya mahindi.

Hatua ya 1: Meza

Mfanyie kazi mezani, si sakafuni. Chini atakuwa na pa kukimbilia, na wewe mgongo utakuuma kabla hujafika kwenye mkia. Tandika kitu kisichoteleza. Mimi natumia kile kizulia cha mpira cha bafuni. Usimwache peke yake juu hata sekunde moja. Teria haogopi kuruka, na mguu mdogo huvunjika upesi.

Kama ni mtoto au ni mgeni wa mambo haya, wiki ya kwanza usifanye kazi yoyote. Mpandishe, mguse makucha, mfunue sikio, mpe ini, mshushe. Dakika tatu zinatosha. Mwanangu ndiye aliyemzoeza Pamba hivyo, jioni baada ya shule, na kazi yangu ikawa nyepesi.

Hatua ya 2: Mikono kabla ya chanuo

Hii wengi huiruka, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Kabla ya kushika kifaa, pitisha viganja mwili mzima taratibu, kuanzia taya mpaka ncha ya mkia. Unatafuta uvimbe, kidonda, sehemu yenye joto, mahali anaposhtuka.

Tafuta kupe hasa ndani ya sikio, chini ya ukosi, kwapani, katikati ya vidole na chini ya mkia. Ukimpata, mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumkamua tumbo. Usimmwagie mafuta ya taa wala kumchoma kwa kiberiti. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe, ambayo watu huipima kwa macho na kummwagia mbwa wa kilo nane, imeshaua mbwa wengi. Muulize daktari wa mifugo dawa ya kupe inayolingana na uzito wa mbwa wako. Baada ya kupe, kama siku zinazofuata mbwa amepoa, hali chakula, fizi zimepauka au mkojo umekuwa mweusi, usisubiri kesho.

Halafu angalia ngozi yenyewe. Westie wanajulikana kwa mzio wa ngozi. Mgeuze chali utazame tumbo, kwapa na kinena: ngozi inatakiwa iwe ya waridi hafifu au yenye madoa meusi ya asili, isiwe nyekundu, isiwe nene na nyeusi kama ya tembo, isiwe na mafuta yanayonuka kama chachu. Tazama pia miguu. Pamba alikuwa na rangi ya kahawia nyekundu kati ya vidole, nami kwa miezi miwili nilikuwa nasugua kwa sabuni nikidhani ni udongo. Daktari alimshika mguu mmoja, akaufunua vidole, akaniambia, "Mama, huu si uchafu. Analamba kwa sababu panamuwasha, na mate ndiyo yanaacha rangi." Mate na machozi ya mbwa yana kitu kinachoacha doa hilo kwenye manyoya meupe. Ukiliona, tafuta kinachowasha, usisugue.

Jambo jingine kwa wenye watoto wa Westie: kati ya miezi mitatu na minane, akilia unapomfungua kinywa au akikataa kutafuna, mpeleke hospitali. Kuna ugonjwa wa mifupa ya taya unaojulikana kwa jamii hii, na mtu anaweza kudhani ni utundu tu wa mezani.

Hatua ya 3: Kuchana

Gawanya manyoya kwa mkono mmoja mpaka uone mstari wa ngozi, kisha chana kutoka kwenye mstari huo kwenda nje, tabaka kwa tabaka. Ukichana juu juu utaona mbwa amependeza huku chini kuna zulia la mafundo. Kipimo ni chanuo: likipita kutoka kwenye ngozi hadi nchani bila kukwama, umemaliza sehemu hiyo.

Mafundo hupenda nyuma ya masikio, kwapani, kinena na pale ukosi unapokaa. Fundo lifumue kwa vidole kwanza, ukilinyunyizia konifulawa kidogo lilegee. Likigoma, pitisha chanuo kati ya fundo na ngozi, ndipo ukate juu ya chanuo. Chanuo hilo ndilo ngao yako. Ngozi ya kwapa huvutwa na fundo ikasimama kama kitambaa, na mkasi unaoingia bila ngao unakata ngozi pamoja na manyoya.

Fumua mafundo yote kabla ya maji. Fundo likilowa hukaza.

Hatua ya 4: Kunyonyoa

Chagua siku ambayo mbwa hajaoga kwa angalau siku tatu au nne. Manyoya yaliyotoka kuoshwa huteleza vidoleni, na vumbi kidogo linasaidia.

Jaribu kwanza kama yamekomaa. Shika nywele tano au sita ndefu za mgongoni, karibu na ncha, uzivute kuelekea zinakoelekea. Zikitoka zenyewe kama uzi kwenye nguo iliyochakaa, na mbwa hata hakugeuza kichwa, yako tayari. Ukihisi ngozi inakufuata, au mbwa anageuka kukutazama, acha. Rudi baada ya wiki mbili.

Yakiwa tayari, fanya hivi. Kiganja cha kushoto kikaze ngozi kwa kuivuta kidogo kuelekea kichwani. Kidole gumba na cha shahada cha kulia vishike nywele chache, zile ndefu zilizopauka tu, na kuvuta kuelekea mkiani. Nguvu itoke begani na kwenye kiwiko. Usikunje kifundo cha mkono, kwa maana ukikunja unakata. Mvuto uwe mfupi na wa haraka. Angalia ulichoshika: unywele uliong'oka una ncha nyembamba pande zote mbili, uliokatika una kisiki. Ukiona visiki vingi, tuliza mkono.

Anzia nyuma ya shingo, shuka na uti wa mgongo hadi mwanzo wa mkia, kisha ubavuni mpaka pale mbavu zinapopinda kwenda tumboni. Manyoya marefu ya chini, yale yanayoning'inia kama sketi, yaache. Mkia wa Westie mnene ulionyooka una sentimita 13 hadi 15 na unatakiwa ufanane na karoti: mnene shinani, mwembamba nchani. Utafute umbo hilo kwa kunyonyoa juu na pembeni.

Usinyonyoe koo, tumbo, kinena, ndani ya mapaja wala karibu na sehemu za siri. Hapo ngozi ni nyembamba, na mbwa ataumia.

Dakika ishirini kwa mara moja zinatosha. Watu wengine hunyonyoa koti zima mara mbili kwa mwaka, mbwa akabaki na sweta tu kwa wiki kadhaa. Mimi sipendi njia hiyo kwetu, kwa sababu Juni na Julai Arusha ni baridi, na jua la Januari huunguza ngozi nyeupe iliyo wazi. Natoa kidogo kila wiki mbili, zile zilizokomaa tu, na hivyo mgongoni kunakuwa na nywele za umri tofauti wakati wote. Kwa mbwa aliyekwisha kunyolewa mashine, uwe na subira. Kwa Pamba ilichukua karibu mwaka mzima mpaka mkono wangu ukapita mgongoni ukasikia tena ule ugumu wa brashi.

Hatua ya 5: Sehemu za mkasi

Nyayo kwanza. Mlaze ubavu, sukuma nje manyoya yaliyo kati ya vinyama vya unyayo, ukate yalingane na unyayo. Hapo ndipo tope na mbegu za nyasi zinapojificha. Kisha mguu mzima uzungushie mkasi uwe duara.

Sikio: nusu ya juu kata fupi, ndani na nje, ili ncha ionekane imesimama. Weka kidole chako pembeni mwa gegedu la sikio, ukate nje ya kidole. Chini ya mkia na kuzunguka njia ya haja, punguza kwa sababu za usafi tu.

Kichwa ndicho sura yake. Chana manyoya yote kwenda mbele, kisha tumia mkasi wenye meno kuyazungusha kutoka sikio moja, chini ya kidevu, hadi sikio la pili. Kata kidogo, chana, rudi nyuma hatua mbili utazame. Pembe ya ndani ya jicho zitoe zile nywele chache zinazochoma jicho, mkasi ukiwa umelala sambamba na pua, ncha yake isielekee jichoni hata kidogo, na mtu mwingine akimshika kidevu.

Hatua ya 6: Masikio, macho, meno

Sikio lenye afya halinuki. Likinuka, likiwa na uchafu wa kahawia au mbwa akitikisa kichwa mara kwa mara, ni kazi ya daktari, si ya pamba. La kawaida lipanguse kwa dawa ya masikio ya mbwa kwenye kitambaa laini, mwisho pale kidole chako kinapofika. Vijiti vya pamba husukuma uchafu ndani.

Macho yapanguse kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Ute mzito wa manjano au kijani unaorudi kila asubuhi usiuzoee. Westie hupata ugonjwa wa kukauka machozi, na jicho likiachwa hupoteza uwezo wa kuona.

Meno yasugue kila siku kwa brashi laini ya mtoto na dawa ya meno ya mbwa. Ya binadamu hapana, kwa sababu nyingine zina xylitol, na hiyo kwa mbwa ni sumu.

Hatua ya 7: Kucha

Westie wengi wana kucha nyeusi, kwa hiyo mshipa wa ndani hauonekani kwa nje. Kata vipande vyembamba sana, kimoja kimoja, na baada ya kila kipande tazama uso uliokatwa. Mwanzoni utaona rangi kavu, iliyopauka. Kikitokea kidoti cheusi chenye unyevu katikati, simama hapo hapo. Usisahau ukucha wa pembeni juu ya mguu wa mbele. Haugusi ardhi, kwa hiyo hukua ukajikunja na kuchoma nyama.

Ukikosea ikatoka damu, chovya ukucha kwenye konifulawa, bana kwa dakika tatu bila kuchungulia. Itakoma. Mpe ini, ishia hapo kwa siku hiyo, kucha zilizobaki zingoje kesho.

Hatua ya 8: Kuoga

Siku tatu au nne baada ya kunyonyoa, vitundu vikishatulia. Mbwa mwenye ngozi nzuri aoge kila wiki tatu au nne. Mwenye mzio afuate ratiba ya daktari, na mara nyingi ataoga zaidi, kwa shampuu ya dawa.

Sabuni ya mche, ya unga, na hata shampuu yako ya bei kubwa, viache. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu na asidi yake ni ndogo, kwa hiyo kinachotufaa sisi humkausha yeye. Changanya shampuu ya mbwa na maji ya uvuguvugu kwenye chupa, maji yawe mara tano au sita ya shampuu, ili ienee mpaka chini. Maji yapime kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga.

Lowesha kuanzia shingoni kurudi nyuma. Kichwa kiwe cha mwisho. Usisugue kwa kuzungusha mikono, utatengeneza mafundo upya. Kandamiza na kukamua kuelekea manyoya yanakolala. Shampuu ya dawa iache dakika 10 kwa saa, si kwa kukisia. Nusu ya faida yake iko kwenye huo muda, na mimi humsimulia Pamba habari za siku nzima ili atulie.

Kusuuza kuchukue muda mara mbili ya kupaka. Endelea na kopo mpaka maji yanayodondoka tumboni yawe safi bila povu, halafu suuza tena mara moja. Povu lililobaki kwapani ndilo linalomkunisha usiku, na watu husingizia viroboto.

Kausha kwa kubana na taulo, kisha draya kwenye moto mdogo, umbali wa shibiri moja, mkono wako ukiwa kati ya hewa na ngozi ili usikie joto kabla yake. Chana huku unapuliza. Usimwache akauke mwenyewe. Juu atakauka nusu saa, lakini ile sufi ya ndani itabaki na unyevu hadi usiku, na chachu ya ngozi inapenda hapo.

Hatua ya 9: Taulo

Fua vifaa vya nguo kwa maji ya moto, chanuo na mikasi ifute kwa spiriti. Kisha kitu kimoja kwa walio maeneo ya joto na unyevunyevu, hasa ukanda wa Pwani. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini na kwenye mchanga wenye mkojo. Mayai huanguliwa ndani ya siku chache, kiluwiluwi kinapenya ngozini bila mbwa kusikia, na baada ya siku kadhaa unaona jipu lenye kitundu katikati. Dada yangu Tanga alimtoa mbwa wake viluwiluwi kumi na kimoja kwa siku moja, vyote tumboni na mapajani, mahali taulo lilipogusa. Taulo la mbwa lianike juani, likikauka lipige pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye pindo, ndipo uliweke kabatini.